Moto Chini ya Shamba la Mama

Mambo yalianza na mihogo. Mama alikuwa ameiloweka katika dimbwi lake huko dembo, bondeni, kama alivyofanya maisha yake yote: unaimenya, unaitumbukiza, unaifunika kwa majani na mawe, unaiacha siku kadhaa mpaka ilainike, halafu unaianika upate unga wa bukari, ugali wetu. Safari hii aliiweka jioni, na asubuhi akaikuta imelainika kabisa, inabonyea kwa kidole. Mwingine angepiga vigelegele. Mama aliingiza mkono majini, akautoa upesi, akaupangusa kwenye kitenge chake na kurudi nyumbani bila kumwambia mtu. Mimi aliniambia nilipokwenda kumtembelea, tena kwa ukali, kana kwamba ni mimi niliyewasha moto chini ya dimbwi lile.

"Mayi iko na joto," alisema. "Joto ya nini, na tuko mu miezi ya baridi?"

Nilicheka. Nilimwambia ni uzee, mikono ikizeeka kila kitu kinaonekana cha moto. Aliniangalia vile mama anavyomwangalia mtoto aliyekosa adabu, akaniambia nikaweke mkono wangu mwenyewe. Nilikwenda. Ilikuwa asubuhi, nyasi bado zina umande, na niliweza kuona pumzi yangu ikitoka. Niliingiza mkono. Maji yalikuwa na uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sikucheka tena. Na pale nilipochutama njo nikatambua jambo lingine: hakukuwa na chura hata mmoja aliyelia. Tangu nipate akili sikuwahi kusikia dembo lile likinyamaza.

Mimi ninaishi Kamina mjini, ninashona nguo karibu na soko. Kijiji cha mama kiko upande wa njia ya Kabongo, mwendo wa baiskeli wa kutosha kukuharibia mgongo. Dembo ni lile bonde tambarare lisilo na miti, udongo wake mweusi ti, ambamo maji hubaki hata mvua zikishaondoka. Kiangazi, mashamba ya juu yanapokauka, wanawake wote wa kijiji hushuka kulima humo: mboga za lengalenga, viazi vitamu, nyanya, vitunguu, migomba pembeni. Kila mama ana kipande chake na kila mmoja anajua mpaka wake. Kipande cha mama yangu aliachiwa na mama yake. Kilitulisha, kilitusomesha, kilimzika baba. Tangu baba afariki, mama hana duka, hana mume, hana mtu wa Ulaya wa kumtumia chochote. Ana lile shamba basi. Ukimwuliza yeye ni nani, atakuonyesha shamba kwanza, sisi watoto baadaye. Siongezi chumvi.

Kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita yaya, anakaa kijijini karibu naye. Zamani alikuwa na kazi mjini. Kazi ilipokufa alirudi nyumbani akawa mchoma makala, haya makaa ya miti ya kupikia. Na hapa tusidanganyane: Kamina nzima inapika kwa makala. Mimi pia. Umeme ukija watu wanapiga kelele kama wameona bibi harusi, ukiondoka hakuna anayeshangaa, na mbabula yangu, jiko la makala, ndiyo inayolisha nyumba. Kwa hiyo sitamtukana yaya kwa kuchoma makala. Nitamtukana kwa mengine, na nilimtukana, mbele ya watu.

Miti ya karibu iliisha. Wachomaji wakasogea mbele, na ya mbele ikaisha. Mwishowe walirudi nyuma na kuangalia ile iliyosimama kichwani mwa dembo, pale chemchemi inapotokea. Hakuna aliyewahi kuikata ile. Siyo kwamba kulikuwa na sheria. Wazee walikuwa hawaikati, na sisi tuliwakuta hawaikati. Halafu mtu mmoja akakata mmoja, asubuhi nyingine mwingine akakata, na yaya akaona asipokata yeye atabaki mikono mitupu huku wenzake wanajaza magunia. Miaka michache hivi, kichwa cha dembo kikawa upara, ikabaki miti ya kuhesabika tu. Chemchemi haikukauka. Ilipungua tu, polepole, hata usingeweza kusema ni siku gani ilipungua. Zamani ukiingia dembo udongo ulikuwa unameza mguu mpaka kifundoni. Sasa mama alikuwa anaingia na viatu.

Baada ya mihogo ukaja ukungu. Asubuhi za baridi, ukungu juu ya dembo ni jambo la kawaida, jua likipanda unaondoka. Ule haukuondoka. Saa sita mchana bado ulikuwa umelala pale, mwembamba, juu ya matuta ya viazi ya mama, na siyo juu ya matuta ya mwingine yeyote. Ukisogea karibu ulikuwa na harufu. Sikuweza kuijua harufu ile. Ilikuwa kama ya nywele zilizoungua na ya mvua ya kwanza, vyote pamoja. Mbwa wa mama, ambaye alizoea kumfuata shambani kila siku, alifika mpakani akakaa chini. Unamwita, anatikisa mkia, hasogei. Kuku, kinyume chake, walihamia kule. Walijichimbia katikati ya matuta, wakafumba macho, wakakaa hapo mchana kutwa, wamenona na furaha. Wale kuku ndio walionitisha kuliko kitu kingine chochote.

Panya walitoka. Nyoka walitoka. Waliingia kijijini mchana kweupe, hawakimbii, wanapita tu katikati ya watu kama wasafiri wenye shughuli zao.

Mama hakuacha kulima. Nilimwambia, "Mama, toka mule kwanza, tuangalie ni nini." Akanijibu, "Minyi nitoke, niende wapi? Weye njo utanilisha?" Nilisema ndiyo, nitakulisha. Alicheka kicheko chake kile kinachokata. "Weye? Na ile sindano yako?"

Basi tukawa pale siku alipochimba viazi. Nilikuwa nimesimama kwenye njia, sitaki kuingia, ninamsemesha kwa mbali. Alipiga jembe, akavuta, kiazi kikatoka, akakishika, akakiangusha. Akakiokota tena kwa ncha ya kitenge. Kikapasuka mkononi mwake, na mvuke ukatoka ndani. Kilikuwa kimeiva. Ganda lake limekunjamana, nyama yake ya njano, laini, tayari kwa kuliwa. Alichimba shina la pili. Vimeiva. La tatu, vilikuwa vyeusi, makaa matupu yenye umbo la kiazi.

Mama alikaa chini juu ya tuta, halafu akasimama haraka kwa sababu tuta lilikuwa na moto.

"Vidye wami," alisema kwa sauti ndogo. Mungu wangu. Sijawahi kumsikia mama akisema kwa sauti ndogo, hata msibani.

Kijiji kikajaa pale mpakani. Jirani yake, bibi mmoja wa umri wake ambaye shamba lake linagusana na la mama, aliangalia kile kiazi akasema kwamba bankambo njo banapika. Wazee wa chini ya udongo wanapika chakula chao, alisema, maana sisi tumesahau kuwapa. Watu hawakucheka. Mtu mmoja alikuja na chokaa nyeupe ya matambiko, akanyunyiza kwenye mpaka. Wa kanisa walikuja nao wakaimba, wamesimama njiani, viatu vyao mbali na tuta la kwanza. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kubatizwa utotoni na nilikuwa nimeshika rozari yangu mfukoni, na bado, nikiangalia ule moshi unaotoka mahali pasipo na moto, nilikuwa nikijiuliza kule chini wanapika kwa ajili ya nani.

Yaya alikuja mwisho. Alipita katikati ya watu hakusalimu. Alifika ukingoni akanusa, kichwa juu, macho yamefumba. Nilimwona uso wake ukibadilika. Akaenda nyumbani akarudi na kile chuma kirefu anachotumia kutobolea matundu ya tanuru lake. Akakisukuma ardhini. Kiliingia bila shida, kama kwenye unga, kikazama mpaka karibu na mkono wake. Alikiacha kidogo, akakivuta, akatemea mate nchani. Mate yakalia chss.

"Mama," alisema, "hapa hakuna nkambo. Ni minyi."

 Angeweza kunyamaza. Wazee waliolala chini hawana mdomo wa kujitetea, na kijiji kizima kilikuwa tayari kimekubali. Lakini alisema ni yeye, huku akiangalia kile chuma.

Tanuru lake la mwisho alilijenga ukingoni mwa dembo, hapo juu ya shamba la mama, karibu na miti aliyoikata. Tanuru la makala unalijenga hivi: unapanga magogo, unayafunika kwa majani, juu yake udongo, ili moto ule bila hewa. Udongo mwekundu wa juu wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali. Akachukua mweusi wa dembo, laini, unakatika kwa mabonge yenye mizizi ya nyasi, unakaa vizuri. Na hakuona hatari yoyote, kwa sababu kwetu sisi udongo wa dembo ni maji. Baba alituzoesha hivyo. Moto wa shamba ukikushinda, ulikuwa unakimbilia dembo, unajaza beseni udongo mweusi, unautupa juu ya moto, moto unakufa. Kijiji chote kilizima moto hivyo. Nani angefikiri kwamba udongo ule wa kuzimia moto unaweza kushika moto wenyewe?

"Ilikuwa mayi," yaya alikuwa akirudia. "Ile udongo ilikuwa mayi."

Ilikuwa maji wakati kulikuwa na miti. Udongo ulipokauka, ukawa majani na mizizi ya zamani sana, imegandana, inangoja. Aliondoa makala yake, akajaza magunia, akaondoka akiamini tanuru limezimika. Moto ulikuwa umeshuka chini, hauna haraka, hauna mwali, ukaanza kutembea kuelekea shamba la mama.

Hapo njo nilipomtukana. Sitarudia maneno. Nilimwambia ameua mama yetu akiwa hai, na mengine.  Mama njo aliyenizima: "Nyamaza weye. Kelele yako itazima moto?"

Dawa ilikuwa moja tu: kuchimba mfereji mpana, mpaka upite ule udongo mweusi wote ufike kwenye mchanga mweupe wa chini, ili moto ukose cha kula. Yaya alivua shati akaanzia kwenye mpaka wa juu wa shamba, ili shamba lote libaki salama nyuma yake. Alichimba hadi kiunoni. Alipoweka kiganja ukutani, upande wa mama, udongo ulikuwa na moto. Umeshapita. Akatoka, akasogea ndani, akaanza tena kwenye matuta ya vitunguu. Umeshapita. Akasogea tena. Wanaume wengine wakamsaidia, kisha wanawake. Kila waliposhuka mtu alikuwa anagusa ukuta, anatikisa kichwa, na wote wanapanda juu na kurudi nyuma, na kila kurudi nyuma kulikuwa kunamla mama.

Na migomba ilikuwa ikianguka. Hilo sitalisahau. Hakuna upepo, jua kali, jani halitikisiki, na mgomba wa kijani, wenye mkungu, unajilaza chini taratibu bila sauti. Chini yake mizizi haipo tena. Unaangalia huu, nyuma yako mwingine umeshalala. Jirani wa mama alikuwa anajifunika uso kila mara.

Yaya alikuwa anataka kujaribu tena, katikati ya viazi. Alikuwa analia, nadhani, au ni moshi. Mama alichukua jembe lake akavuka shamba lote kwa miguu, na mimi nikampigia kelele kama kichaa, "Mama, pita pembeni! Mama!" kwa sababu kila hatua niliona ardhi ikimbonyea. Hakupita pembeni. Alitembea katikati, juu ya matuta yake, mpaka upande wa pili kabisa, kwenye mpaka wake na yule bibi jirani. Akainua jembe akalipiga pale.

"Kata hapa," alimwambia yaya.

"Mama, hapa unabakia na nini?"

"Kata, nakuambia. Moto ikipita hapa inakula ya bamama bote."

"Turudi kidogo tu, kwenye viazi, tujaribu..."

"Weye unanisikia? Kata!"

Yule bibi aliyesema wazee wanapika alimshika mama mkono. Kisha akainama kuchimba pale na jembe lake, amevaa kitenge chake kizuri. Walichimba wote pamoja, siku ile na zilizofuata, mpaka mchanga mweupe ukaonekana toka ukingo hadi ukingo. Mimi pia nilichimba, na mikono yangu ya sindano ikatoka malengelenge. Upande mmoja wa mfereji kulikuwa na mashamba ya watu, mabichi. Upande mwingine kulikuwa na shamba la mama, likifuka.

Lilifuka mpaka mvua za kwanza. Zilipokuja, lilipiga mluzi. Ninasema kweli, tulikuwa tumesimama barazani na tulisikia kutoka dembo sauti nyembamba, ndefu, ya watu wengi wakivuta pumzi pamoja. Mvua ilipokatika tulikwenda kuona. Shamba lilikuwa limeshuka. Pale mama aliposimama miaka yote, sasa kulikuwa na shimo pana lenye majivu ya rangi ya waridi, ungeingia yangekufika mabegani, na juu yake matuta mawili matatu yamebaki yananing'inia kwenye mizizi.  Mama akauliza jembe lake dogo liko wapi, tukamwambia tuliliacha mule ndani.

Wanawake wa dembo walisema kila mmoja atamkatia mama tuta moja. Walisema kwa moyo, na msimu wa kwanza walimletea mboga hata akashindwa kuzimaliza. Lakini chemchemi inaendelea kupungua, na vipande vyao wenyewe vinakauka kutoka pembeni. Siwalaumu. Yule bibi njo aliyejaribu hadi mwisho, mpaka mama mwenyewe akamwambia basi, wafwako, asante, umefanya. Nikamleta kwangu mjini.

Hakuweza kukaa. Alikuwa anaamka kabla ya jua, anafunga kitenge, anafika mlangoni, anasimama. Hana pa kwenda. Nilimpa vitambaa anikatie, akanikatia vibaya makusudi. Alikonda. Nilijua mama anakufa polepole ndani ya nyumba yangu, na mimi ninashona sare za harusi za watu.

Halafu siku moja narudi kutoka soko ninamkuta amekaa nje ya geti kwenye kigoda, mgongo umenyooka, amechangamka, anapiga domo na wapita njia. Mbele yake ametandika gunia, na juu ya gunia mafungu ya makala, yamepangwa vizuri, makubwa chini, madogo juu, kama alivyokuwa anapanga nyanya zake. Yaya alikuwa amepita na baiskeli, akamshushia gunia.

Nilisimama mbele ya lile gunia. "Mama. Makala? Weye, mama, makala?"

"Aka! Na minyi nilime wapi?" alisema. "Ku barabara?"

"Lakini mama, ile moto..."

"Acha niuzishe."

Mama mmoja wa mtaa alikuwa amesimama na beseni lake, anauliza kama ni makala ya mti mzuri au ni yale yanayogeuka majivu kabla maji hayajachemka. Mama alichukua kipande kimoja, akakigonga na kingine, kikalia kama kioo. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku za shamba.

"Sikia mwenyewe," alimwambia. "Hii inatoka kwetu, ku kichwa ya dembo. Miti ya zamani. Haiishe haraka."

Yule mama alinunua akaenda. Mimi niliingia ndani. Mbabula ilikuwa imepoa, unga ulikuwa mezani, watoto walikuwa wanakaribia kutoka shule. Nilikaa kidogo. Kisha nikatoka nje na beseni langu, nikalipa kama wengine, na mama akanijazia, akaniongezea mkono mmoja juu kwa sababu mimi ni mtoto wake.